Fungate ya Mashine

Mwezi uliopita nilikuwa kwenye kliniki ya macho, nimekaa kwenye kiti cha plastiki nasubiri jina langu liitwe na liharibiwe kama kawaida, mara mzee mmoja wa Kihindi aliyekaa safu ya mbele akageuka. Alinitazama kwa macho yaliyojaa dawa, akanyoosha kidole, akasema kwa Kiswahili cha Kisumu, kwa sauti ya kusikika mpaka mapokezi, "Wewe! Si wewe ndiye yule dereva wa makaburini?" Nilishtuka, kisha nikamjua. Alikuwa Bwana Kanti, mwenye duka la mashine pale Kenton, amekonda na amevaa kofia ya sufu, lakini mdomo ni ule ule. Akaniuliza, "Mashine yangu mliivunja au hamkuivunja?" Nikacheka mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini. Tangu siku ile ule mwaka haunitoki. Nilikuwa na miaka thelathini, najiona mtu mzima kweli kweli, na sikuwa nimewahi kufanya jambo lolote ambalo mtu angelikumbuka kliniki.

Habari za kwetu, nani alimzaa nani na nani alimkimbia nani, nitaziacha, hazihusiki. Nilikuwa nimepanga chumba cha juu kwa Bi Zuwena, Ilford, pembeni mwa London, chumba chembamba ambacho ukifungua mlango wa kabati lazima ukae kitandani. Muongo wa kwanza wa elfu mbili ulikuwa unaelekea ukingoni na simu zetu bado zilikuwa za vitufe. Mchana nilikuwa nikizunguka majumbani mwa wazee wa Kiingereza, nawaosha, nawavisha, nawapikia mayai. Jioni nilirudi jikoni kwa Bi Zuwena, na pale ndipo nilipoishi hasa. Ilikuwa meza ya rangi ya manjano iliyoungua pembeni, redio isiyozimwa, na harufu ya muhogo wa nazi aliokuwa akiununua duka la Wahindi, akiubishia kila siku kwamba umelala. Alikuwa Mpemba wa Wete, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha, na akikupenda alikutukana. Mimi aliniita "wee Sada usiye na akili" tangu wiki ya kwanza, nikajua nimefika nyumbani.

Majira ya baridi yaliyotangulia alikuwa amefiwa na mumewe, Mzee Salum. Chama chetu cha maziko kilikuwa na kipande chake cha ardhi nje kidogo ya Ilford, mji unapoanza kuwa mashamba, na kutoka barabara kuu mpaka kwenye makaburi ni njia nyembamba ya kokoto, inapanda kilima, ina kona mbili. Wiki ile ilianguka theluji, njia ikafunga, na gari la maiti halikuweza kupanda. Wakasema kesho. Kesho yake wakasema kesho. Mzee Salum alikaa siku sita katika chumba cha baridi, sisi ambao tumezoea mtu anakufa asubuhi na alasiri ameshasitiriwa. Bi Zuwena hakulia sana mbele za watu, lakini tangu pale aliacha kufungua friji kwa mkono wake. Akitaka maziwa ataniita nikiwa juu, nishuke ngazi zote. "Nifungulie hilo." Nilifungua, anatazama pembeni mpaka nifunge. Siku moja nilimwambia, kwa ujinga wangu, Bi Zuwena, hili ni friji tu. Akaniambia, "Salum alikuwa hapendi hata maji ya baridi. Siku sita, Sada. Mimi msinikawize. Niahidi." Nikasema nakuahidi. Nilisema tu ili anyamaze, maana ningefanya nini mimi na theluji ya Mungu? Lakini Wapemba ahadi hawaichukulii hivyo. Alinishika mkono juu ya meza ile ya manjano na akaniachia pale aliporidhika.

Mkutano wa chama ulifanyika kwake mwezi wa tisa, wanaume sebuleni, mimi na Bi Zuwena jikoni tukikaanga kachori na mlango tumeuacha wazi makusudi. Mwenyekiti alikuwa Mzee Hamadi, karani mstaafu, mtu wa suti na kalamu mbili mfukoni, ambaye hata salamu yake ilikuwa na vifungu. Ajenda ilikuwa moja, theluji. Mmoja akasema wanunue mapauro ishirini ya kuizolea. Mwengine akasema mapauro yatashikwa na nani, wewe mgongo, mimi moyo, huyu sukari? Hapo Mzee Hamadi akatoa karatasi na kusoma kwamba wakulima wa nchi hii hutumia pikipiki ya magurudumu manne, inafungwa bamba la chuma mbele, inasukuma theluji kama mtu anayefagia. Kelele zilizozuka pale! "London theluji siku mbili kwa mwaka, mnanunua mashine?" "Siku mbili hizo hizo ndizo watu wanakufa!" "Jamani, tutachekwa." Mwisho wakakubaliana inunuliwe, na mtu akauliza swali lililokuwa linangojwa, nani ataipanda? Nikasikia vijiko vinakoroga chai. Nikasikia mtu anakohoa kikohozi cha kujiondoa. Nami, sijui shetani gani alinisukuma, nikatokea mlangoni na kijiko cha mafuta mkononi, nikasema, "Mimi naijua. Nilifanya kazi shamba la kabichi Kent, nikibebea makreti miaka miwili."

Mzee Hamadi alinitazama kama mtu aliyeona kabati linasema. Akaanza kwa upole, "Binti yangu, hili ni jambo la makaburini. Wanawake wetu hawafuati jeneza." Kabla sijajibu, Bi Zuwena akapiga kelele kutoka kwenye karai, bila kutoka, "Sasa Hamadi, jeneza liko wapi hapo? Hiyo ni theluji! Atafagia. Kufagia mmeanza kutukataza lini?" Wakacheka wote isipokuwa Mzee Hamadi. Wakaandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba binti Sada atafungua njia kwa muda mpaka apatikane mwanamume wa kujifunza, na kwamba jeneza likifika getini yeye awe ameshaondoka. Nilisomewa kifungu hicho nikiwa nimesimama. Nikakubali, ingawa kiliniuma, siwezi kusema uongo.

Kenton tulikwenda mimi na Mzee Hamadi kwa treni tatu. Duka la Bwana Kanti lilikuwa refu na la giza, mashine za kukatia majani zimepangwa mpaka mlangoni, na nyuma kabisa, chini ya nailoni, lilikaa hilo dude letu, jekundu, lina pua fupi na matairi yenye meno. Mzee Hamadi alizungumza Kiingereza chake cha ofisini. Bwana Kanti akamsikiliza kidogo, akasikia lafudhi, akapiga makofi. "Ah! Mtu wa pwani! Mimi mtoto wa Kisumu, ongea Kiswahili bwana, usinichoshe." Kisha akauliza dereva ni nani, nikainua mkono. Hakushangaa hata kidogo, na kwa hilo nimempenda mpaka leo. Akanipandisha, akanionyesha mafuta yanaongezwa kwa kidole gumba, si kwa kuzungusha kama pikipiki, akanionyesha gia ya chini, na winchi ya kupandishia na kushushia bamba. Halafu akashusha sauti kama daktari. "Sasa sikizeni. Hii mashine ni mpya. Masaa kumi ya kwanza lazima muivunje."

"Tuivunje?" akauliza Mzee Hamadi.

"Lazima. Usipoivunja itakusumbua maisha yake yote. Ivunje polepole, kidogo kidogo. Huyu dada atakuwa akiivunja kila wiki."

Mzee Hamadi alishika ukingo wa meza. "Lahaula! Bwana, hii ni mali ya chama. Watu wametoa kwa ajili ya maiti wao. Tumeinunua sasa hivi, leo hii, halafu wewe unatwambia tukaivunje?" Alishaanza kunivuta kwa mkono twende zetu. Bwana Kanti naye akapandisha sauti, akidhani anafundishwa biashara yake. "Mzee, mimi navunja mashine miaka thelathini!" Walibishana mpaka mteja wa Kiingereza akatoka dukani. Ni mimi niliyegundua kwamba Bwana Kanti alikuwa amekibeba Kiingereza kizima kizima. Kwa Waingereza mashine mpya huvunjwa, kama farasi asiyezoea kupandwa. Alitaka kusema tusiipe mzigo mzito wala tusibane mafuta zaidi ya nusu mpaka vyuma vyake vizoeane, halafu tubadilishe oili. Nilipomweleza Mzee Hamadi alikaa kwenye kiboksi, akapangusa kipaji cha uso. "Sasa si aseme hivyo," akanong'ona. Lakini njia nzima ya kurudi alikuwa hana raha. Neno lenyewe lilikuwa limeshamuingia, na mwenyekiti huyu hakuwa tayari kuandika kwenye ripoti yake kwamba mashine inavunjwa.

Aliyemuokoa ni Bi Zuwena. Tulimweleza jikoni, naye akaendelea kumenya muhogo, akasema bila kuinua kichwa, "Nyinyi wanaume mnapenda kuhangaika. Hiyo iko fungate." Tukamtazama. "Ehe! Bibi harusi akiingia ndani, siku saba anafanyishwa kazi? Anabebeshwa maji? Analishwa, anapakwa mafuta, anazoea nyumba. Siku zikiisha, mafuta yanabadilishwa, na kazi inaanza. Kuna nini hapo cha kuvunja?" Mzee Hamadi alitoa kalamu palepale. Katika faili la chama, kama halijaliwa na panya, imeandikwa kwa mwandiko wake mzuri: *Mashine iko fungate, masaa kumi.* Na siku ilipoletwa kwenye kontena letu la kuwekea vifaa pale chini ya kilima, Bi Zuwena alikuja na teksi, amevaa makoti mawili, akaifukiza udi na kuirashia marashi kwa mrashi wake wa fedha. Marashi mengine yaliingia kwenye swichi, ikakataa kuwaka mpaka nilipoikausha kwa kanga. "Ina haya," akasema Bi Zuwena. "Bibi harusi huyo."

Basi nikawa nakwenda kila Jumamosi, basi moja na mguu. Theluji hakuna, ni vuli, majani ya miti yamejaa njiani, nikawa nasukuma majani. Nusu ya mafuta, gia ya chini, kupanda mpaka juu, kushuka, kupumzisha injini ipoe, kupanda tena. Mashine ilikuwa na mita ya masaa kwenye dashibodi, na Jumamosi jioni Bi Zuwena hakuuliza habari zangu, aliuliza, "Imefika ngapi?" Mbili. Nne na nusu. Nilipata ganzi ya kidole gumba na uvimbe wa goti ambao ninao mpaka sasa. Nikajifunza kwamba ukishusha bamba chini kabisa linachimba kokoto na kurusha, kwa hiyo liinue unene wa vidole viwili. Nikajifunza kona ya pili ina mteremko wa kukutupa upande wa makaburi, na wazo la kumgonga mtu kaburini lilinitia jasho, nikapanda mianzi pande zote mbili za njia, kila mmoja nimeufunga kitambaa cha kanga kuukuu, ili njia ikifichika nijue watu wameanzia wapi. Mzee Hamadi alikuja mara moja kujifunza, na suti yake. Alibana kidole gumba kama anayepiga muhuri, mashine ikaruka naye mpaka ndani ya ua wa miti, na nilipomtoa alikuwa ameshika usukani na jani mdomoni. Tangu hapo habari ya kutafuta mwanamume wa kujifunza haikutajwa tena, lakini kile kifungu cha kuondoka kabla ya jeneza hakikufutwa.

Desemba ikapita kavu. Januari ikaingia, watu wakaanza dhihaka. Harusini Tooting mama mmoja aliniuliza mbele ya meza nzima ya biriani kama mashine yangu inachimba na viazi. Mzee Hamadi aliacha kupokea simu za wajumbe. Na Bi Zuwena akaanza kuchoka. Ngazi alipanda kwa vituo, kisha akahamishiwa kitanda sebuleni, pale pale kilipofanyika kikao, na daktari wa mtaa akawa anakuja na kuondoka bila kusema mengi. Nilimpikia uji wa pilipili manga, nikamlisha mimi mwenyewe, kazi niliyowafanyia watu wengine kwa mshahara, na nakiri niliifanya vibaya zaidi kwake, uji nikiumwagia shuka. Hakuwa na hofu ya kufa. Aliomba msamaha kwa majirani kwa simu, mmoja mmoja, akigombana na baadhi yao hapo hapo. Alichokuwa akikisikiliza ni utabiri wa hali ya hewa kwenye redio. "Imefika ngapi?" akaniuliza. Nikasema tisa. Akafumba macho, akasema, "Imebaki moja."

Alifariki Jumatano baada ya sala ya alfajiri, mkono wake uko mkononi mwangu. Daktari aliandika cheti asubuhi ile, Mzee Hamadi akashinda kwenye ofisi ya usajili mpaka akatoka na karatasi ya ruhusa, na maziko yakapangwa Alhamisi saa nne asubuhi. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa mapema pamoja na mengine, limefunikwa mbao. Usiku theluji ikaanguka London nzima kama ambayo sijaiona kabla wala baada yake. Nilipoamka dirisha lilikuwa jeupe, mabasi hayakutoka, na simu yangu ikalia kabla sijavaa, ni Mzee Hamadi. "Sada," akasema, "njia imefunga." Nilikuwa na jambo moja tu kichwani. Kina mama walikuwa wanakwenda kumuosha. Mimi ndiye niliyekuwa karibu naye kuliko wote, nafasi yangu ilikuwa pale, kumwagia maji ya mwisho yule aliyeniita sina akili. Huwezi kuwa pahala pawili. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa sauti, kisha nikavaa viatu vya mpira na kuondoka.

Nilitembea saa moja na nusu. Kontena lilikuwa limezikwa nusu ya mlango, nikaufukua kwa mikono na pauro. Mashine iliwaka mara ya tatu. Theluji ilikuwa inapita goti, na nikijua siruhusiwi kubana zaidi ya nusu sikuweza kuisukuma yote kwa mpigo, basi nikaikata kwa tabaka: bamba juu, nachuna ya juu, narudi, nashusha, nachuna tena, huku mianzi ya kanga ikinionyesha njia. Kona ya kwanza nikaimaliza. Kona ya pili matairi yakaanza kuzunguka bure na mashine ikaanza kuteleza, taratibu, kuelekea upande wa makaburi. Nikatazama mita. Tisa na nusu. Nikasema kwa sauti, nisamehe Bi Zuwena, na nikabana kidole gumba mpaka mwisho. Ilinguruma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ikatikisika, meno yakashika, ikapanda mpaka juu kwenye kaburi lake. Nilipiga kelele peke yangu pale kilimani, kelele za furaha, siku ya msiba, na sioni haya kusema.

Niliposhuka gari la maiti lilikuwa limeshafika getini, na wanaume kumi na wawili, wengi wazee, makoti yao yamejaa nyeupe. Upepo ulikuwa umetoka shambani na ulikuwa unaifunika tena njia niliyoifungua, unga ule mwepesi unatiririka na kujaza. Gari lisingepanda. Nikazima mashine, nikateremka, nikaanza kuondoka kuelekea nyuma ya kontena kama kifungu kilivyosema. Wameshalibeba jeneza mabegani. Mzee Hamadi, aliyekuwa mbele kulia, aliitazama njia, akanitazama mimi, na nikaona anatafuta maneno ya karani na hayapati.

"Unakwenda wapi?" akasema. "Tangulia!"

Nikatangulia. Gia ya chini, mwendo wa watu wanaobeba, bamba linafungua na wao nyuma yangu wanapita kabla upepo haujafunga. Juu ya sauti ya injini nilisikia la ilaha illa llah zao zikipanda na kushuka kwa pumzi za wazee, na sikugeuka hata mara moja kwa kuogopa kutoka njiani. Pale juu nilizima, nikasogea mbali, nikasimama nimeligeuzia kaburi mgongo, nikasikia mbao zikiondolewa, nikasikia Mzee Hamadi akihema ndani ya kaburi wakimlaza kwenye mwanandani, lile shimo la ubavuni, kisha nikasikia udongo wa kwanza.

"Sada!" Nikageuka. Alikuwa ametoka, magoti ya suti yake yamejaa matope, anapangusa macho kwa mkono mchafu. Wanaume walikuwa wamepisha. "Njoo mwanangu. Njoo utie."

Vidole vyangu vilikuwa vimekakamaa katika umbo la usukani, havikunjuki. Nilipiga magoti, nikachota kwa mikono miwili udongo mweusi uliochanganyika na theluji, nikatia mara moja, mara mbili, mara tatu. Adhuhuri ilikuwa bado haijaingia, na Bi Zuwena alikuwa amesitirika.